Lamu: Mji Unaosomwa Majini

Waama, mji wa Lamu hausomeki vyema kwa mtu aliyesimama nchi kavu. UNESCO iliuorodhesha miongoni mwa turathi za dunia mwaka wa 2001, na wageni wengi huja kutazama milango ya nakshi na ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821. Hata hivyo, bahari ndiyo iliyouzaa na kuulea mji huo.

Wanafunzi wa Kiswahili waliouzuru kwa siku moja waliling'amua hili mapema. Walikusudia kwenda Takwa, mahame yaliyo katika kisiwa jirani cha Manda, lakini saa ya kung'oa nanga haikupangwa na ratiba yao. Mkono wa bahari upitao katikati ya mikoko hadi Takwa hupitika maji yakijaa. Yakipwa, chombo hukwama matopeni.

"Wanangu, hapa mai ndiyo ndia," nahodha aliwaambia.

Wanafunzi walitazamana. Mai, ndia, mui, moya: maneno haya waliyajua kutokana na tenzi za kale, na darasani waliyaeleza kuwa ni uhuru wa mshairi. Kinywani mwa nahodha yalikuwa lugha ya kazi. Kumbe mshairi wa Kiamu hakuiboronga lugha ili apate vina. Aliandika jinsi watu wake walivyosema.

Huko Takwa, msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla ungali umesimama, ilhali wenyeji waliuhama mji katika karne ya 17. Mji huweza kuhamwa, na lugha vilevile. Kaskazini, katika ghuba ya Manda, gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa mwaka wa 2021. Kabla ya hapo, mwaka wa 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kuwa wavuvi walioathiriwa na mradi huo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fedha huweza kufidia samaki. Hazifidii msamiati wa mvuvi aliyeacha bahari.

Wakirejea, wanafunzi walimhoji nahodha na kunakili: bamvua na maji mafu, joshi na demani. Jioni walipita Usita wa Mui, barabara kuu ya mji, na safari hii hakuna aliyeuliza maana ya jina hilo.