Mtoto na Aone kwa Macho Yake

Wazazi wengi twawaambia watoto wetu wasinywe maji ya mtoni kabla hayajachemshwa. Mtoto hutazama kikombe, huona maji maangavu, na moyoni husema kwamba wazee wapenda kusumbua tu. Mimi simlaumu, maana kusikia si kuona. Kwa hiyo nawasihi wazazi wenzangu na walimu: mtoto aonyeshwe mapema hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho matupu.

Yafaa kuanza na jambo dogo. Dondosha tone la maji juu ya kipande cha kioo, ukiweke juu ya gazeti. Herufi zitaonekana kubwa. Sababu ni kwamba mgongo wa tone ni wa mviringo, nao hupinda mwanga. Lenzi hufanya kazi iyo hiyo. Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, alitumia lenzi moja ndogo aliyoitengeneza mwenyewe, na mwaka 1674 aliona viumbe hai katika maji ya ziwa. Wala hakuwa amesoma chuo kikuu.

Hadubini ya shule huwa na lenzi ya chini, karibu na kitu, na ya juu, karibu na jicho. Ile ikikuza mara 40 na hii mara 10, kitu huonekana kimekuzwa mara 400. Mwanga hutoka chini na kupita ndani ya kitu, ndiyo sababu sharti kitu kiwe chembamba. Mtoto aambiwe pia kwamba picha hupinduka: akisukuma kioo kulia, picha huenda kushoto. Tena aonywe asielekeze kamwe kioo cha chini kwenye jua, asije akaharibu macho.

Mwaka jana mwalimu jirani yetu alituletea hadubini ya namna hiyo. Mwanangu wa miaka tisa alichota maji ukingoni mwa mto, penye majani, akachungulia kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Baba, hawa ndio wanaotuumiza matumbo?"

Ingekuwa rahisi kumjibu ndiyo, apate kuogopa. Lakini mwalimu alimwambia kweli: wengi wa hao hawana madhara, vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo ni vidogo zaidi mno. Mtoto akafikiri, akasema, "Kama hawa sikuwaona kikombeni, hao nitawaonaje?" Tukayachemsha maji yale yale, yakapoa, akatazama tena. Hakuna kilichoogelea. Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi wa sufuria nyumbani, hata mgeni huulizwa kama maji yake yamechemka.

Ndugu wasomaji, hofu hupita upesi, bali ujuzi hukaa. Mtoto apewe kalamu na karatasi, achore alichokiona, na maswali yake yajibiwe kwa kweli. Nazo shule zenye hadubini moja zisiifungie kabatini kwa kuogopa itavunjika. Udongo upatize ungali maji.