Shule ya Hadithi za Upelelezi

Mimi ni karani wa parokia hapa Ujiji, na chuoni nilisomea ualimu. Jioni, nikiisha kufunga daftari la ubatizo, huandika hadithi ya upelelezi: mashine ya mtumbwi imeibwa usiku. Watu huniuliza, je, kazi hiyo ina shule? Ipo, tena katika chuo kikuu cha Kikatoliki, Seton Hill, kule Marekani. Mwanafunzi huenda chuoni siku chache tu, Januari na Juni. Siku nyingine hukaa kwake na kazi yake, akimpelekea mwalimu maandishi yake kidogo kidogo. Mpango huo naupenda sana, maana visa viko nyumbani. Lakini karo siiwezi, nina watoto watatu wa kusomesha.

Basi mwalimu wangu ni kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotolewa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano. Nikiisha kumjua mwuaji, hurudi mwanzo na kutia alama kila mahali dalili ilipofichwa. Msahihishaji ni mke wangu. Akimtambua mwizi mapema, naandika upya. Juzi alimtambua sura ya tatu, kwa harufu ya petroli.