Kasi ya Mkuki wa Mvuvi

Katika kijiji cha wavuvi hapakosi mtu ajisifuye kwamba bunduki yake ya mikuki ina nguvu kuliko za wenzake. Ukimwuliza amejuaje, atakuonyesha unene wa mpira wake na jinsi unavyomtoa jasho anapouvuta. Lakini nguvu aisikiayo mvutaji mikononi si lazima iwe ndiyo imfikiayo samaki. Kati ya mkono na samaki pana safari, na safarini hupotea mengi.

Mimi nafundisha Ruiru, mji wa kahawa na nyumba za kupanga, yapata kilomita 500 kutoka baharini. Hata hivyo wanafunzi wangu hutoka pembe zote za nchi. Mmoja wao, mzaliwa wa pwani ya kusini, alitueleza habari za bunduki ya kaka yake: ubao mrefu, kifyatulio, ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu ya gurudumu, na ufito wa chuma uliochongoka. Akasema kwamba kaka yake ameongeza ukanda wa pili, na sasa mkuki huenda kasi mara mbili. Wenzake wakabisha. Nikawaambia kuwa ubishi wa namna hii haumalizwi kwa sauti kubwa, bali kwa kipimo.

Upimaji huu ni wa zamani. Mwaka wa 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza namna ya kupima kasi ya risasi kwa kuipiga katika gogo lililoning'inizwa, kisha kutazama gogo limeyumba kiasi gani. Sisi tulichagua njia nyepesi zaidi. Kitu kirushwacho sawasawa mbele, bila kuinuliwa wala kuinamishwa, huanguka kwa muda uleule kama kitu kilichoachiwa tu. Kutoka kimo cha mita 1.25, muda huo ni nusu sekunde. Basi ukijua kimeanguka umbali gani, umejua kasi yake.

Tulitengeneza mfano wa bunduki kwa ubao, tukaufunga juu ya meza iliyoinuliwa kwa matofali. Badala ya chuma tulitumia ufito wa mti wenye ncha butu na uzito wa gramu 100. Mbele tulimwaga mchanga, na wanafunzi wote wakasimama nyuma yangu. Kwanza tuliuvuta mpira kwa mizani ya springi: kwa sentimita 30 ulifikia nyutoni 80. Kwa kuwa mvuto huanza na sifuri, wastani wake ni nyutoni 40 hivi, na nishati iliyowekwa ni jouli 12. Kisha tukafyatua. Ufito ulichoma mchanga umbali wa mita 6. Yaani kasi yake ilikuwa mita 12 kwa sekunde, na nishati yake jouli 7 na kidogo. Karibu jouli 5 zilikuwa zimetoweka. Nyingine zilipotea katika joto la mpira, nyingine katika msuguano wa ubao, na nyingine zilitumika kuusukuma mpira wenyewe.

Tukafunga ukanda wa pili. Darasa zima lilitazamia mita 12, lakini ufito ukaanguka mita 8 na nusu. Sababu ni kwamba nishati hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Ukiongeza nishati mara mbili, kasi huongezeka mara 1.4 tu. Atakaye kasi maradufu hana budi kutia nishati mara nne.

Hayo ni ya hewani. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, nayo huanza kuupunguza mkuki mwendo mara utokapo. Humo kipimo cha kuanguka hakifai. Siku hizi hutumiwa kamera ipigayo picha 240 kwa sekunde, na kamba yenye alama. Mkuki ukipita mita 2 katika picha 24, umetumia sehemu ya kumi ya sekunde, na wastani wa kasi yake ni mita 20 kwa sekunde. Ukipima karibu na mdomo wa bunduki, kisha ukapima mbali kidogo, utajua maji yamechukua fungu gani.

Hapo mwanafunzi yule akauliza, "Mwalimu, ikiwa mkuki hupoteza nguvu nyingi hivi, mbona kaka yangu amekatazwa kuutumia?" Ni kweli kwamba mwaka wa 2001 serikali ya Kenya ilipiga marufuku bunduki hizo pamoja na juya. Nikamjibu, "Mwanangu, sisi tumepima mkuki, hatukupima mwamba, wala hatukuhesabu samaki waliobaki." Mpigaji humchagua samaki kwa jicho lake, lakini huweza kuvunja matumbawe akimfuata aliyejificha, na samaki wakubwa, ambao ndio wazazi, huwa wa kwanza kuonekana. Kwa upande mwingine, bunduki hii haihitaji mtumbwi wala fedha nyingi, na kijana asiye na kitu huanzia hapo. Mambo hayo yote ni mazito, na kila moja lina mizani yake.

Hakusema neno. Alichukua daftari akanakili hesabu zote ili ampelekee kaka yake, hata ile iliyomkatalia.