Goma: Avenue iliyokatwa kwenye ramani haikuwa imefutwa

Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikafika Buhene, kwenye mlango wa mji wa Goma. Familia nyingi zilibaki bila nyumba. Miezi kadhaa baadaye, kijana mmoja mchoraji wa ramani alipewa kazi ya kuonyesha mahali pa kuweka robine za maji kwa ajili ya waliohama.

Alitumia programu ya AutoCAD. Ramani ya mtaa mzima ilikuwa katika faili nyingine, kazi ya mwenzake. Yeye aliiunganisha tu chini ya mchoro wake. Kwa kuwa ilikuwa kubwa, aliikata kwa amri ya XCLIP: alizungushia mpaka sehemu aliyoihitaji, na iliyobaki ikatoweka kwenye skrini.

Karatasi ilipoonyeshwa kwa familia, mama mmoja aliyekuja na bidoni yake aliitazama sana.

“Mwanangu, avenue yetu iko wapi? Lava ilichukua nyumba, na wewe unachukua hata kiwanja?”

Kijana alinyamaza. Mpaka wake aliupitisha pale lava ilipoanzia, akidhani upande ule hakuna mtu tena. Lakini kiwanja kilichofunikwa na mawe bado kina mwenyewe, na ramani ni shahidi wake.

Alifungua kompyuta. “Mama, kukata huku si kufuta. Faili ya mwenzangu haikuguswa.” Akairudia amri ile, akauondoa mpaka. Avenue ikarudi, pamoja na viwanja vyake.

Mama akaona kwamba njia ndogo ya kwendea maji haikuchorwa. Kijana angeweza kuiongeza palepale kwa amri ya REFEDIT. Lakini hiyo ni kazi nyingine: ukihifadhi, mabadiliko yanaingia katika faili ya asili, na kila mchoro unaoitegemea unayapokea. Kosa dogo la mkono lingeweza kusogeza mipaka ya viwanja vya watu. Basi aliichora njia hiyo katika mchoro wake mwenyewe, kwa rangi nyekundu, kisha akampigia simu mwenzake aje aipime kwa miguu kabla ya kurekebisha ya asili.

Karatasi ya pili ilipotoka, mama alitafuta kwanza avenue yake, ndipo akatafuta robine. “Sasa sawa,” akasema, akabeba bidoni yake.

Ndugu mliohama, ramani ikiletwa mbele yenu, msitazame tu kilichochorwa. Ulizeni pia kilichoachwa nje.