Doti Tisa za Nyanya

Niliacha chuo, lakini bando sikuacha. Usiku mmoja hapa Voi nikafungua picha za setilaiti za Landsat. Ziko bure kwa kila mtu tangu 2008, na nyingine ni za miaka ya 1980, kabla hata sijazaliwa.

Kila doti ni mita 30 kwa 30. Shamba la nyanya ni ekari mbili, yaani doti tisa tu. Nikamwonyesha miaka ya kijani na miaka ya ukame. Akatazama, akauliza, "Na jina langu liko wapi?"

Manze, nilinyamaza. Nyanya amelima hapo maisha yake yote na hana hati. Zaidi ya nusu ya Taita Taveta iko ndani ya mbuga za Tsavo, so kila ekari inayobaki inagombaniwa. Setilaiti inaona mahindi, haioni mwenye jembe.

Basi wasee, pakueni hizo picha. Halafu kaeni na wazee wenu, muandike nani alilima wapi na tangu lini. Doti bila jina ni shamba la yeyote.