Samli Iliyogoma Kutoka

Kila mtu ajua kwamba mafuta na maji hayapatani. Mbona basi maziwa yana yote mawili, nasi twayaona kitu kimoja cheupe?

Sukari ukiitia chaini husambaa yenyewe mpaka kikombe chote kiwe kitamu. Mafuta ya maziwa hayafanyi hivyo. Ni matone madogo mno, na kila tone limevikwa ngozi nyembamba inayolizuia lisiungane na jingine. Kibuyu kikisukwasukwa, ngozi hizo hupasuka, matone hushikana, mawili huwa moja, hadi mabonge ya siagi yakaelea. Siagi ikichemshwa maji hutoka, ikabaki samli isiyoharibika upesi.

Hapa Masalani, samli ya ng'ombe ndiyo iliyoninunulia sare na vitabu. Ukame ulipozidi mwaka 2022, ng'ombe wetu walikufa karibu wote, tukabaki na ngamia. Nyanya alisuka maziwa ya ngamia kutwa nzima, wapi! "Mjukuu wangu, pesa zako za shule zimo humu ndani, lakini hazitaki kutoka," aliniambia.

Kisa ni kwamba matone ya mafuta ya ngamia ni madogo kuliko ya ng'ombe, na ngozi zake zimeshika sana. Hayaungani kwa wepesi. Nilipomweleza Nyanya, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuyauze kama yalivyo."

Sasa kila alfajiri mama huyawahisha sokoni kabla hayajachacha. Faida haifikii ile ya samli, lakini jina langu bado limo katika rejista ya Kidato cha Tatu.