Chakula cha Njiani

Nilikuwa nikirudi shuleni Bujumbura kutoka kwetu Rumonge. Mama alinifungia ndizi za kuchemsha na chupa ya maji yaliyochemshwa. Gari liliposimama Ruziba njaa ilikuwa imenishika, lakini niliona haya kufungua kifurushi mbele ya wenzangu. Basi nikanunua samaki mukeke aliyekwisha poa, nikamla upesi upesi, kisha nikanywa maji ya Ziwa Tanganyika. Usiku ule sikulala kwa tumbo. Nilikumbuka kipindupindu kilichozuka Bujumbura mwaka 2023, nikaogopa sana. Namshukuru Mungu, nilipona. Asubuhi nilizikuta ndizi za mama zimechacha. Wenzangu, mkisafiri, kuleni chakula cha moto, tena taratibu. Wala msikionee haya chakula cha nyumbani.